Wagonjwa kumi na wawili, "ndiyo" kumi na mbili

Wandugu, hasa ninyi mnaoandika TFC mwaka huu, someni hii mbele ya kutoka na karatasi zenu za maswali.

Mimi nilichagua kupima namna wagonjwa wa kansere wanavyoona jambo la kuingia katika majaribio ya dawa. Wiki ya kwanza niliuliza watu kumi na wawili swali moja: "Ukiambiwa kuna dawa mpya ambayo bado inajaribiwa, utakubali?" Wote wakajibu ndiyo. Nilirudi Bagira nikiimba. Mwalimu aliyekuwa ananisimamia akaangalia karatasi zangu, akauliza kitu kimoja tu: "Ulikuwa umevaa blouse nyeupe?"

Nilikuwa nimeivaa.

Mama anayengoja sindano ya kesho hawezi kukuambia hapana usoni. Huku kwetu kumkatalia munganga ni karibu sawa na kumtukana. "Ndiyo" yake ilikuwa heshima, na mimi niliiandika kama wazo lake juu ya dawa.

Na tusifikiri ni shida ya watu ambao hawakusoma. Mwaka 2001, Steven Joffe na wenzake walitoa katika gazeti la Lancet majibu ya wagonjwa 207 wa kansere waliokuwa wameingia katika majaribio kule Marekani. 90% walisema wameridhika na namna walivyoelezwa. Lakini 74% hawakutambua kwamba matibabu yao si yale ya kawaida, na 70% hawakutambua kwamba dawa ilikuwa bado haijathibitishwa. Angalia vizuri: mtu ameridhika, na hajaelewa. Ni vitu viwili, kila kimoja kinahitaji maswali yake.

Kingine ni sababu. Uingereza, Valerie Jenkins na Lesley Fallowfield waliuliza wagonjwa 204 waliopewa nafasi ya kuingia. 147 walikubali, na sababu kubwa zilikuwa mbili: wengine watafaidika, na ninamwamini daktari. Kati ya waliokataa, moja ya sababu kubwa ilikuwa woga kwamba dawa inagawiwa kwa bahati. Kama wangeuliza ndiyo ao hapana tu, hayo yote yangepotea.

Hiyo "kwa bahati" njo ilinisumbua zaidi, na si jambo la mbali. Tangu Novemba 2018, wakati wa Ebola kule Beni na Butembo, timu ya profesa Muyembe na wenzake walijaribu dawa nne kwa wagonjwa 681. Munganga hakuchagua nani apate ipi. Agosti 2019 walisimamisha kugawa mbili, kwa sababu zile zingine mbili zilionekana kuokoa watu zaidi: karibu mtu mmoja kwa watatu alikufa, upande mwingine karibu nusu. Moja ya hizo nzuri ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Sasa ueleze hiyo kwa Kiswahili chetu. Tarehe ya kutetea kazi ilikuwa inakaribia, lakini nilianza upya na wote kumi na wawili, nikiwa na shati ya kawaida. Mama mmoja wa hapa Bagira nilimwambia dawa inagawiwa kwa kura. Akanishangaa: "Kura gani tena, mwanangu? Hawa tuliochagua wametusaidia nini?"

Nikajaribu tombola. Hapo akashika mara moja, na uso ukabadilika.

"Kumbe munganga mwenyewe hajui ile iliyo nzuri?"

"Bado hajui, mama. Njo maana wanajaribu."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi ile ndiyo ya juzi uifute kwanza. Niongee na watoto wangu."

Nikaifuta. Kwenye karatasi yake nikaandika: anaelewa, hajaamua.