Mvinyo: Lebo isomwe kabla ya kulipia katoni

WAFANYABIASHARA wa vinywaji wa Mbeya na Iringa wanaweza kunusuru mitaji yao kwa kusoma lebo ya chupa kabla ya kulipia mzigo.

Mnywaji wa Iringa hahitaji lebo kununua ulanzi. Akiambiwa ni mtogwa, anajua ni mtamu. Akiambiwa ni mkangafu, anajua umekwisha kuwa mkali. Mvinyo wa zabibu hununuliwa chupa ikiwa imefungwa, na maelezo yote yako kwenye lebo.

Mvinyo wa Dodoma hufika Iringa kwa barabara ya Mtera. Ule wa Afrika Kusini huingia nchini kwa malori kupitia Tunduma au kwa meli.

Cha kwanza ni jina la zabibu. Makutupora ni zabibu nyekundu yenye jina la eneo lililo karibu na mji wa Dodoma. Chenin Blanc ni nyeupe, asili yake Ufaransa, na hulimwa Dodoma na Afrika Kusini pia. Pinotage ni nyekundu iliyozalishwa Afrika Kusini mwaka 1925 kutokana na Pinot Noir na Cinsaut. Huko, lebo ikitaja zabibu moja, asilimia 85 ya mvinyo au zaidi lazima itokane nayo.

Hata hivyo, jina la zabibu halielezi utamu. Chenin Blanc inaweza kuwa kavu au tamu. Neno "dry" maana yake ni mvinyo mkavu, ambao karibu sukari yote imegeuka kilevi. Mteja aliyezoea mtamu akiuziwa huo hudhani umechacha, na muuzaji hubaki na katoni stoo. Neno "fortified" huonyesha kuwa umeongezwa pombe kali, hivyo asilimia ya kilevi iangaliwe.

Kosa jingine ni la mwaka. Mwaka ulioandikwa mbele ya chupa ni wa kuvuna zabibu, si wa kwisha muda wa matumizi. Usipoandikwa, mara nyingi mvinyo umechanganywa wa miaka tofauti. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka.

Asili ya zabibu inagusa pia bei. Ushuru wa bidhaa nchini umekuwa na kiwango cha chini kwa mvinyo ambao zabibu zake za nyumbani zinazidi asilimia 75. Aidha, tangu mwaka 2019 chupa za mvinyo hutakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki. Chupa ya bei poa isiyo na stempu inaweza kumgharimu mwenye duka mzigo mzima.

Kwa anayeanza, ni salama kununua katoni chache za kila aina, kuandika "mtamu" au "mkavu" kwenye rafu, na kuongeza ile inayotoka haraka.