Darasa Geuzwa na Uzoefu wa Wanafunzi: Malalamiko Yapi Yasikilizwe?

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayehudhuria mhadhara mzuri hutoka ukumbini akiwa ameridhika. Hoja zimepangwa kwa ufasaha, mifano imeeleweka na daftari limejaa. Mwanafunzi anayetoka katika darasa geuzwa aghalabu huwa na hisia tofauti: amechoka, amekosea mbele ya wenzake, na hana hakika kama amefundishwa chochote. Walimu wengi waliojaribu mbinu hii wamekutana na lalamiko moja, kwamba mwalimu ameacha kazi yake na kuwatwika wanafunzi.

Mhadhara huu unalichunguza lalamiko hilo. Hoja yake kuu ni kwamba uzoefu wa wanafunzi una malalamiko ya aina mbili yanayofanana kwa sauti lakini yanayotofautiana kwa asili. Aina ya kwanza hutokana na ugumu wa kujifunza kwenyewe, na hiyo haitoshi kuifuta mbinu. Aina ya pili hutokana na vizuizi vinavyomzuia mwanafunzi asifike hata kwenye huo ugumu, na hiyo haifai kupuuzwa. Mwalimu asiyezitenganisha aina hizi mbili atakosea kwa vyovyote vile: ama ataiacha mbinu yenye manufaa, ama ataishikilia huku akiwaumiza wanafunzi wake.

2.0 Dhana na Istilahi

Katika darasa la kawaida, maelezo ya somo hutolewa darasani na mazoezi hufanywa nyumbani. Katika darasa geuzwa mpangilio huo hubadilishwa. Mwanafunzi hupokea maelezo kabla ya kipindi, kwa kusoma matini, kusikiliza sauti iliyorekodiwa au kutazama video. Muda wa darasani hutumika kwa mazoezi, mjadala na utatuzi wa matatizo, mwalimu akiwapo. Kwa hiyo kiini cha mbinu hii si video. Kiini chake ni uamuzi kuhusu kazi ipi inastahili kufanywa mahali ambapo mwalimu na wanafunzi wako pamoja.

Istilahi nazo zinahitaji maelezo mafupi. Usemi “darasa lililopinduliwa” unaeleweka, lakini ni mrefu, na kitenzi “pindua” kimekwisha kubeba maana ya mapinduzi ya kisiasa. “Darasa geuzi” ni fupi, ila kiishio -i katika miundo kama “sarufi zalishi” huashiria kitu kinachotenda. Darasa hili halitendi, limetendwa. “Darasa geuzwa” hufuata mkondo wa “lugha lengwa” na “hadhira lengwa”, ambamo kiambishi -w- cha kutendwa huonyesha kwamba jambo limefanyiwa kitu hicho. Kwa sababu hiyo istilahi hii ndiyo inayotumika katika mhadhara huu.

3.0 Chimbuko la Mbinu

Mbinu hii haikuzuka kwa siku moja. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwanafizikia Eric Mazur alianza mwaka 1991 kuwataka wanafunzi wasome kabla ya kipindi. Darasani aliwapa swali la dhana. Kila mmoja alichagua jibu, akajadiliana na jirani yake, kisha akachagua tena. Mwaka 2000, Maureen Lage, Glenn Platt na Michael Treglia wa Miami University, katika jimbo la Ohio, walichapisha maelezo ya kozi yao ya uchumi ambamo mihadhara ilipatikana kwa kanda za video nje ya darasa.

Walioieneza mbinu hii kwa umma mpana ni walimu wawili wa kemia wa shule ya sekondari ya Woodland Park, jimbo la Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams. Mwaka 2007 walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Baadaye walitambua kwamba mwanafunzi humhitaji mwalimu zaidi pale anapokwama kuliko pale anaposikiliza. Wanafunzi wasiokuwa na intaneti nyumbani walipewa masomo hayo katika diski. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwani linaonyesha kwamba hata huko mbinu ilikoanzia kupata umaarufu, suala la vifaa lilishughulikiwa mapema.

4.0 Kuhisi Kujua na Kujua

Ushahidi kwamba wanafunzi hujifunza zaidi wanaposhiriki ni mzito. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Wastani wa walioshindwa katika madarasa ya mihadhara ulikuwa asilimia 33.8, na katika madarasa shirikishi asilimia 21.8. Mbona basi wanafunzi hulalamika?

Jaribio lililofanywa Harvard na Louis Deslauriers na wenzake, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019, linatoa mwanga. Halikuwa jaribio la darasa geuzwa kwa ukamilifu wake, bali la ile sehemu inayofanyika darasani. Wanafunzi wa fizikia ya utangulizi waligawanywa kinasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilisikiliza mhadhara wa mwalimu hodari. Jingine lilitatua maswali katika vikundi vidogo kwa kutumia makaratasi yaleyale. Katika kipindi kilichofuata makundi yalibadilishana. Walioshiriki walipata alama za juu zaidi katika mtihani. Hata hivyo, walipoulizwa walihisi wamejifunza kiasi gani, wao ndio waliosema wamejifunza kidogo.

Sababu yake si ngumu kuiona. Ufasaha wa mzungumzaji humfanya msikilizaji adhani kwamba ufasaha huo ni wake. Anayetatua tatizo mwenyewe hukutana na mipaka ya ujuzi wake, na kukutana huko hakupendezi.

Mfano kutoka sarufi ya Kiswahili unaweza kulidhihirisha jambo hili. Mwanafunzi akielezwa kwamba ngeli hutambuliwa kwa upatanisho wa kisarufi, huona ameelewa. Sasa apewe sentensi tatu: “Kiti kirefu kimevunjika”, “Kijana mrefu amefika” na “Rafiki zangu wamefika”. Ya kwanza haina tatizo. Ya pili inamlazimisha kuamua kama umbo la ki- lina uzito kuliko upatanisho. Ya tatu inamkwamisha kabisa, kwani nomino moja inachukua z- katika kimilikishi na wa- katika kitenzi. Je, “rafiki” ni ya ngeli ipi? Mmoja atasema kitenzi ndicho kipimo. Mwingine atauliza kwa nini kimilikishi kisihesabiwe. Wa tatu atahoji kama uhai wa kitajwa unaweza kutawala sehemu moja ya sentensi bila kutawala nyingine. Hapo ndipo isimu inapoanza. Anayetoka katika mjadala huo akisema “leo nimechanganyikiwa” amejifunza zaidi ya yule aliyenakili fasili ya ngeli na kuipigia mstari.

Lalamiko la aina hii linahitaji maelezo ya mwalimu, si msamaha. Wanafunzi waelezwe tangu wiki ya kwanza kwamba hisia ya kukwama ni sehemu ya kazi, nao wapewe mapema jaribio fupi la kuwaonyesha maendeleo yao.

5.0 Malalamiko ya Haki

Aina ya pili ya malalamiko ina mizizi mingine, na mitatu yatosha kutajwa.

Wa kwanza ni muda. Mwanafunzi mwenye kozi 5, kila kozi ikiwa na vipindi 2 kwa wiki na kila kipindi kikidai dakika 40 za maandalizi, huhitaji dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40 kila wiki. Kila mhadhiri akidhani kwamba ni yeye peke yake aliyegeuza darasa, mzigo huo huongezwa juu ya kazi za zamani badala ya kuchukua nafasi yake.

Wa pili ni vifaa na mahali. Nadharia humchora mwanafunzi mwenye meza, utulivu na kompyuta. Wapo wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaoishi chumba kimoja na wenzao kadhaa na kununua vifurushi vya intaneti kwa fedha za chakula. Vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, tofauti baina ya waliokuwa na vifaa na wasiokuwa navyo ilionekana waziwazi. Asiyeweza kupakua video si mvivu, naye akija darasani bila kujiandaa huadhibiwa mara mbili: amekosa maelezo, na sasa anaukosa mjadala.

Wa tatu ni lugha, nao ndio unaogusa taaluma ya Kiswahili kwa karibu. Nchini Tanzania shule nyingi za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili, ilhali sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mhadhara huficha udhaifu wa lugha, kwa sababu msikilizaji anaweza kukaa kimya muhula mzima bila yeyote kugundua. Darasa geuzwa huuanika. Video au matini ya Kiingereza mwanafunzi anaweza kuirudia mara tatu; mjadala haurudiwi. Watafiti wa mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuhusisha Tanzania na Afrika Kusini, walionyesha jinsi wanafunzi wanavyochangamka wanapofundishwa kwa lugha waimudu. Kwa hiyo mwalimu anayegeuza darasa bila kujali lugha ya mjadala huwaita wanafunzi wazungumze, kisha huwanyima ulimi.

6.0 Funzo kutoka Mtu ni Afya

Vizuizi hivi si hoja ya kuikataa mbinu, na historia ya elimu nchini Tanzania ina mfano unaosaidia. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya kwa muda wa wiki 12. Takriban viongozi wa vikundi 75,000 walipata mafunzo, na takriban watu wazima milioni 2 walishiriki. Kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi cha redio, kikasoma kijitabu cha Kiswahili, kikajadili tatizo la afya mahali pale, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kuondoa madimbwi ya mbu.

Kampeni hiyo haikuitwa darasa geuzwa, wala haikuwa hivyo kwa maana kamili, lakini ilitenganisha utoaji wa maelezo na kazi ya kufikiri pamoja. Ilifanya hivyo kwa redio na karatasi, kwa lugha ya washiriki, na kwa namna ambayo haikumwacha mtu ajiandae peke yake. Hili la mwisho ndilo muhimu zaidi. Maandalizi si lazima yawe ya mtu mmoja mbele ya kioo cha simu. Wanafunzi wanne wenye simu moja na kurasa tano zilizochapwa wanaweza kujiandaa vizuri, mradi ratiba iwatambue kama kikundi.

7.0 Hitimisho

Uzoefu wa wanafunzi katika darasa geuzwa ni ushahidi unaohitaji kuchambuliwa kabla ya kuhukumiwa. Mwanafunzi anaposema “ni vigumu”, aulizwe ugumu uko wapi. Ukiwa katika swali lenyewe, kama lile la “rafiki zangu wamefika”, mwalimu avumilie na amsaidie avumilie. Ukiwa katika muda, vifaa au lugha, mwalimu na chuo wana wajibu wa kuuondoa: idara zipime kwa pamoja jumla ya maandalizi ya wiki, kila video iwe na nakala ya maandishi, na wanafunzi waruhusiwe kujadili kwa lugha wanayofikiria. Bila hayo, kinachogeuzwa ni mahali pa kukaa tu, na mwanafunzi aliyekuwa kimya katika ukumbi wa mihadhara atabaki kimya katika kikundi.