Kisima cha Simba

Katika nchi ya Uhindi watoto wengi husema Kihindi nyumbani, na shuleni hujifunza Kiingereza. Mwalimu mwenye akili huwapa kwanza hadithi wanayoijua.

Moja ni ya zamani sana, imo katika kitabu kiitwacho Panchatantra. Simba aliwamaliza nyama wa pori. Sungura akampeleka penye kisima, akasema: «Adui yako yumo humu.» Simba akaona sura yake majini, akairukia, akafa. Hivi watoto hufundishwa kwamba akili hushinda nguvu.

Sasa tazameni maneno. Mhindi husema: «Sher pani dekhta hai», ndiyo kusema, «Simba maji anaona.» Tendo huja mwisho. Mwingereza husema: «The lion sees the water.» Tendo limekaa katikati, kama kwetu. Lakini lile «the» Kihindi hakina, wala Kiswahili. Ni neno dogo lenye taabu kubwa!

Tena «well» ni kisima, na «well» ni vizuri pia. Kamusi humpa mtoto maana zote mbili, haimwambii achague ipi. Yule aliyesikia hadithi kwa bibi yake anajua simba alirukia wapi.