Firebug na Kuzimwa kwa Viendelezi vya Zamani vya Firefox

Firebug ilikuwa nyongeza (kiendelezi) ya kivinjari cha Firefox iliyowawezesha watengenezaji wa tovuti kuchungulia ndani ya ukurasa ukiwa kazini. Ilitolewa Januari 2006 na Joe Hewitt, mmoja wa watu walioshiriki kuianzisha Firefox yenyewe. Kabla yake, fundi aliyetaka kujua kwa nini kitufe hakifanyi kazi alilazimika kupenyeza amri katikati ya msimbo wa JavaScript ili kisanduku cha ujumbe kichomoze na kumwonyesha thamani moja tu. Kisha aliifuta amri hiyo, akaipeleka mstari mwingine na kupakia ukurasa upya. Kazi ya dakika tano ilimla mchana mzima.

Firebug ilimwekea yote hayo kwenye paneli moja chini ya dirisha. Muundo wa HTML ulionekana kama matawi ya kufungua na kufunga, kanuni za CSS zilibadilishwa na matokeo yakaonekana papo hapo, na sehemu nyingine ilionyesha kila faili lililoombwa kutoka kwenye seva pamoja na muda lililochukua kufika. Msimbo wenyewe uliweza kusimamishwa kwenye mstari wowote ukakaguliwa. Amri ya console.log, ambayo leo mwanafunzi wa JavaScript hujifunza mapema kabisa, ilienea kwa sababu ya Firebug.

Uwezo huo ulitokana na jinsi Firefox ilivyojengwa. Menyu, vitufe na madirisha yake viliandikwa kwa lugha iitwayo XUL, na kiendelezi kilipowekwa kiliingia humo humo, kikazigusa sehemu za ndani za kivinjari bila kizuizi. Kilikuwa kama mpangaji aliyepewa funguo za vyumba vyote: aliweza kuhamisha hata kuta, lakini mwenye nyumba naye hakuweza kukarabati chochote bila kumvurugia. Kila mara wahandisi wa Mozilla, shirika linaloitengeneza Firefox, walipobadilisha utaratibu fulani wa ndani, kulikuwa na kiendelezi mahali fulani kilichoutegemea.

Kwa hiyo kila kiendelezi kilitaja toleo la chini na la juu la Firefox kilichoweza kufanya nalo kazi. Mpango huo ulivumilika wakati matoleo makubwa yalipokuja kwa nadra: toleo la 3 lilitoka Juni 2008, la 4 Machi 2011. Lakini kuanzia Firefox 5, Juni 2011, toleo jipya lilikuja karibu kila wiki sita. Waandishi wa viendelezi, wengi wao wakifanya kazi hiyo bila malipo, walijikuta wakipandisha namba hata pale ambapo hakuna kilichoharibika. Firefox 10, mwanzoni mwa 2012, iligeuza utaratibu: viendelezi vingi vilihesabiwa kuwa vinafaa hadi ithibitike vinginevyo. Kero ikapungua, chanzo kikabaki palepale.

Chanzo hicho kilijitokeza wazi Mozilla ilipoamua kutenganisha kurasa na kiolesura cha kivinjari, jambo ambalo kivinjari cha Chrome kililifanya tangu kilipotoka 2008. Katika Firefox ya zamani karibu kila kitu kiliendeshwa kwa mchakato mmoja, hivyo ukurasa mmoja ukikwama, vichupo vyote viliganda. Mgawanyo mpya, ulioitwa Electrolysis, ulianza kuwafikia watumiaji wa kawaida na Firefox 48, Agosti 2016. Firebug iliandikwa kwa kudhani kwamba ukurasa uko karibu na unashikika moja kwa moja, ilhali sasa ulikuwa upande wa pili, na mawasiliano yalipita kwa ujumbe tu.

Kuiandika upya yote kusingekuwa na maana, kwani Firefox ilikwishapata zana zake za ndani za aina hiyo. Timu ya Firebug, ikiongozwa na Jan Odvarko, ilihamishia nguvu huko, na baadhi ya sehemu za Firebug, pamoja na mwonekano wake, zikaingizwa kwenye zana hizo. Mradi ulifungwa rasmi mwaka 2017.

Viendelezi vingine havikuwa na makao ya kuhamia. Mozilla ilikuwa imetangaza Agosti 2015 kwamba mfumo wa zamani utaondolewa na kuachia nafasi WebExtensions, unaofanana na ule wa Chrome: kiendelezi hutaja ruhusa kinazohitaji na hupewa milango maalumu tu. Firefox 57, iliyotoka tarehe 14 Novemba 2017, ilivizima vyote vya zamani. Classic Theme Restorer, iliyorudisha sura ya Firefox ya awali, haikuweza kuandikwa upya. DownThemAll, ya kupakua mafaili, ilirejea mwaka 2019 ikiwa na uwezo pungufu. Usalama ulidai hatua hiyo, lakini lawama nazo zilikuwa na msingi, maana baadhi ya milango iliyohitajika ilikuwa bado haijajengwa. Ofisi zilizotumia toleo la 52 la Firefox linalodumishwa kwa muda mrefu zilipata nafuu hadi Septemba 2018.

Chrome nayo ilifikia zamu yake. Mwaka 2024 ilianza kuzima viendelezi vinavyofuata kanuni zake za zamani, Manifest V2, na uBlock Origin, kizuia matangazo mashuhuri, ikabaki huko kwa toleo jepesi tu. Firefox iliamua kuendelea kuzipokea kanuni za zamani sambamba na mpya.