Redio ya Gari Isiposikika: Tukague Kabla ya Kununua Mpya



Msimu wa mvua uliopita, dereva wa mojawapo ya magari ya miradi aliondoka Sumbawanga mjini alfajiri akiwa amebeba mbegu za ufuta kwa ajili ya vikundi vya wakulima wa bonde la Ziwa Rukwa. Saa moja asubuhi redio ilitangaza kwamba maji yamekata barabara ya kuteremkia bondeni. Waliokuwa nyumbani walisikia. Yeye hakusikia, kwa sababu redio ya gari ilikuwa ikikwaruza tu kwa muda wa miezi miwili, na simu haikuwa na mtandao kwenye kona zile. Alikuta malori yamepanga foleni, akalala huko huko, na magunia matatu ya mbegu yakaloa.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba redio ile ilikuwa mpya. Tulikuwa tumeinunua kwa zaidi ya shilingi laki moja kwa ushauri wa fundi mmoja, tukiamini ya zamani imekufa. Baadaye ilibainika kuwa tatizo halikuwa redio kabisa. Lilikuwa ni kutu chini ya shina la antena, eneo lisilozidi ukubwa wa kidole gumba. Kwa kuwa sharika kadhaa zina magari, tumeona ni vema tueleze namna ya kutafuta chanzo cha tatizo kabla ya kutoa fedha.

Je, tatizo ni la gari au la mahali?

Hili ndilo swali la kwanza. Redio za FM husafiri karibu kama mwanga: huenda moja kwa moja, na mlima ukikaa katikati huzuia. Mnara wenye urefu wa mita 50 katika nchi tambarare hulifikia gari lililo umbali wa kilomita 35 hivi. Zaidi ya hapo umbo la dunia lenyewe huanza kuzuia.

Sisi wa Ufipa tuna hali ya pekee. Uwanda wetu uko takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi na Ziwa Tanganyika mita 770 hivi. Aidha, kati ya mji wa Sumbawanga na bonde la Rukwa kuna Milima ya Mbizi. Kwa hiyo gari likianza kuteremka kuelekea Muze, au upande wa pili kuelekea Kasanga, linaingia kwenye kivuli cha mteremko. Ni kama mtu aliyekaa chini ya ukuta wa nyumba: hawezi kumwona aliyesimama katikati ya paa. Kinyume chake, ukisimama ukingoni kabisa mwa uwanda, mita 1,000 juu ya bonde, unaweza kunasa vituo vya mbali ambavyo mjini havisikiki.

Kipimo chake ni rahisi. Simamisha gari mahali pa wazi, weka karibu yake redio ndogo ya betri, na tafuta kituo kile kile. Kama zote mbili zinakwaruza, mahali hapo hapana mawimbi ya kutosha, na hakuna redio mpya itakayosaidia. Kama ile ndogo inasikika vizuri na ya gari haisikiki, basi tatizo limo ndani ya gari.

Magari yaliyotoka Japani

Magari mengi tunayonunua yametumika Japani. Huko FM ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, na redio nyingi za magari hayo huishia 90, za karibuni zaidi 95. Hapa kwetu vituo viko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo redio inaweza kuwa nzima kabisa na bado isipate kituo cha 101, kwa sababu haijatengenezwa kufika huko.

Wauza vipuri wanacho kifaa kidogo wanachokiita ekspanda, kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha namba. Kama kinashusha megahezi 14, kituo cha 101 utakipata kwenye 87 ya redio. Lakini kifaa hicho hupunguza nguvu ya mawimbi kidogo na kinahitaji umeme. Waya wake ukilegea, vituo vyote hupotea kwa mara moja. Gari lililokuwa linasikika likanyamaza ghafla baada ya dashibodi kufunguliwa, anzeni kukagua hapo.

Hatua za ukaguzi

1. Angalieni vitufe. Redio nyingi zina kitufe chenye herufi LOC. Kikiwa kimewashwa, redio inaruka vituo vyote hafifu na kusimama kwenye vyenye nguvu tu. Mjini huwezi kugundua, ila ukifika Laela au Namanyere unadhani redio imeharibika. Hali kadhalika, kituo hafifu hukwaruza zaidi kikisikilizwa kwa stirio. Mkibadilisha kuwa mono, sauti hutulia.

2. Angalieni antena. Mawimbi ya megahezi 100 yana urefu wa mita 3, na antena inayofanya kazi vizuri ni ya robo yake, yaani sentimita 75 hivi. Antena iliyokatika ikabaki kipande cha kiganja, au waya wa kuning'iniza nguo uliochomekwa mahali pake, hupokea kidogo sana. Ile ya kuvuta ivuteni hadi mwisho.

3. Angalieni shina la antena. Waya wa antena una sehemu mbili: waya wa katikati unaobeba mawimbi, na wavu wa nje ambao lazima ushike vizuri bodi ya gari. Vumbi la kiangazi na maji ya masika huleta kutu pale chini, na kutu haipitishi umeme vizuri. Fungueni nati, sugueni kwa msasa hadi chuma king'ae, pakeni grisi kidogo, kisha fungeni tena kwa nguvu. Gari letu lilipona hapa.

4. Pimeni waya. Chomoeni antena nyuma ya redio, mtumie mita ya fundi. Kwa antena ya kawaida ya fimbo, kutoka ncha ya fimbo hadi pini ya katikati usomaji uwe karibu na sifuri. Kati ya pini na wavu wa nje pasiwe na mawasiliano yoyote. Yakiwepo, waya umebanwa au umeingia maji. Kipimo hiki hakifai kwa antena ya kwenye kioo au yenye kikuza mawimbi. Hiyo huhitaji umeme wa volti 12, na mafundi wengi wakibadilisha redio husahau kuunganisha waya wake, ambao mara nyingi ni wa rangi ya buluu.

5. Sikilizeni aina ya kelele. Washeni redio kabla ya kuwasha injini. Mluzi unaopanda mkikanyaga mafuta hutoka kwenye alteneta. Mlio wa ta-ta-ta unaokwenda na injini ya petroli hutoka kwenye plagi na waya zake. Injini ya dizeli haina plagi hizo, hivyo kelele yake itafutwe kwingine. Kelele ikiwepo hata injini ikiwa imezimwa, chomoeni chaja ya simu kwenye tundu la kiberiti, kisha zimeni taa za LED zilizoongezwa. Chaja za bei rahisi ni adui mkubwa wa redio, na kuichomoa hakugharimu hata senti moja.

Redio yenyewe iwe ya mwisho

Baada ya hatua hizo, chomekeni antena ya gari lingine lenye redio nzuri. Ikiwa bado haisikiki, hapo mnaweza kusema kwa uhakika kwamba redio ni mbovu.

Kuanzia sasa, kamati inayoomba fedha za redio ya gari tunaiomba iandike kwenye ombi lake matokeo ya hatua zote tano, pamoja na jina la mahali lilipofanyika jaribio la redio ndogo. Nia yetu si kuwasumbua. Fedha hizi hutolewa na watu waliojinyima, na laki moja tuliyopoteza ingetosha kununua mbegu nyingine badala ya zile zilizoloa.

Kwa madereva wanaoteremka bondeni wakati wa masika, tunasisitiza: sikilizeni matangazo mkiwa bado juu ya uwanda, kabla ya kuanza mteremko. Huko chini, hata redio nzima huweza kunyamaza.

Tunawatakia safari njema na usikivu mwema.

Mratibu wa Miradi