Ghala la Barafu Linapofunguka



Juma lililopita, baada ya darasa la kina mama la alasiri, dada mmoja alibaki nyuma akatutolea simu yake. Alikuwa ametumiwa video katika kikundi cha WhatsApp: helikopta yaruka juu ya tambarare isiyo na miti, mara latokea shimo jeusi la mviringo, ukingo wake umeinuka kama mdomo wa chungu. Msemaji, kwa sauti nzito, adai kuwa mahali hapo paitwa Mwisho wa Dunia, kuwa chini ya barafu ya Urusi kumefungiwa gesi itakayolipuka siku moja na kuunguza ulimwengu, na kuwa dalili zote zimekwisha timia. "Sheikh," dada alituambia, "mimi najua la kufanya na video hii. Lakini watoto wameiona, na mdogo hakubali tena kulala peke yake. Niwaambie nini?"

Twakiri kuwa hatukuwa na jibu. Tulimwomba muda tukasome kwanza, maana anayekanusha asilolijua hana tofauti kubwa na anayelieneza.

Tuanze na hilo shimo. Shimo lipo. Lilionekana mwaka 2014 katika rasi ya Yamal, kaskazini ya Siberia, na mdomo wake ulikuwa na upana wa zaidi ya mita 20. Wataalamu waeleza kuwa gesi ilijikusanya chini ya ardhi iliyoganda hadi ikaifyatua. Ama jina, Yamal ni neno la lugha ya Waneneti, wafugaji wa nchi hiyo, na maana yake ni mwisho wa nchi, yaani pale bara inapokoma na bahari ikaanza. Sisi watu wa pwani twaifahamu maana hiyo bila kufundishwa. Aliyeigeuza ikawa mwisho wa dunia alitaka kuuza hofu, na elimu ya Kiyama haiko kwa watengenezaji wa video.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kuwa yote ni uwongo. Tulipoendelea kusoma tuligundua kwamba shimo ndilo jambo dogo. Kubwa ni lile lisilopigwa picha kwa kuwa halina kishindo, nalo ni kuyeyuka kwa vinamasi vilivyoganda.

Katika nchi za baridi kuna vinamasi ambamo humea vimea vifupi, laini, vyenye kunyonya maji mfano wa sifongo. Vikifa huzama majini, na kwa kuwa humo oksijeni ni haba, havimalizi kuoza. Hubaki nusu vimeoza, tabaka juu ya tabaka, hadi vikawa udongo mweusi uitwao peti. Kina cha mita moja ya peti aghalabu huchukua miaka elfu moja au zaidi kujengeka. Huko kaskazini kabisa peti hiyo imeganda, na ile ya Siberia Magharibi ilianza kujikusanya baada ya kwisha zama za barafu, yapata miaka 11,000 iliyopita. Kaboni ambayo vimea hivyo viliivuta kutoka hewani tangu enzi hizo ingali imo ndani. Ukijumlisha ardhi yote iliyoganda ya kaskazini, ya vinamasi na isiyo ya vinamasi, kaboni iliyohifadhiwa humo ni takriban maradufu ya ile iliyomo hewani leo.

Mama aliyepata kununua nguru mzima wakati bei iko chini, akamkata vipande akamweka katika friza, atatuelewa upesi. Maadamu baridi ipo, samaki hukaa miezi. Stima ikikatika siku mbili, harufu humfikia mtu kabla hajainua kifuniko. Vijidudu vinavyomwozesha samaki havikuzaliwa siku hiyo; vilikuwamo tangu mwanzo, ila baridi ilivinyima nafasi ya kufanya kazi. Na stima ikirudi, samaki hugandishwa tena, lakini kilichooza kimeoza.

Peti nayo ni hivyo. Joto likiifikia, vijidudu vyaamka na kuanza kula kilichowekwa tangu kale. Mahali palipokauka hutoa hewa ukaa. Mahali palipojaa maji hutoa methani, ambayo, tani kwa tani, hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa katika muda wa miaka 100. Methani huvunjika baada ya miaka kama 12, ilhali hewa ukaa hukaa karne nyingi, kwa hiyo hakuna iliyo afadhali baina ya hizo mbili. Zote, zikishatoka, huchanganyika na hewa ya dunia nzima kwa mwaka mmoja au miwili, zikawa juu ya paa za Lamu kama zilivyo juu ya Yamal.

Umbo la nchi nalo hubadilika. Katika vinamasi hivyo mna vilima vidogo vya peti vyenye kiini cha barafu, na vingine huinuka mita kadhaa. Barafu ya ndani ikiyeyuka, kilima hupasuka na kudidimia, na mahali pake huwa kidimbwi. Maji yake meusi hunywa joto la jua, nalo joto hilo hula kingo, na kidimbwi chapanuka. Mwaka 2005 mtaalamu wa mimea Sergei Kirpotin, wa chuo kikuu cha Tomsk, alitahadharisha kuwa jambo hili laendelea Siberia Magharibi katika eneo la takriban kilomita za mraba milioni moja, sawa na Ufaransa na Ujerumani zikiwekwa pamoja. Huko Abisko, kaskazini ya Sweden, watafiti walikipasha kinamasi joto kwa kiasi cha nyuzi moja tu, kwa miaka minane. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009: hewa ukaa iliyotoka iliongezeka kwa asilimia 60 majira ya kuchipua na asilimia 52 kiangazi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka tabaka za chini, za kale. Na Aktiki imekuwa ikipata joto karibu mara nne kwa kasi kuliko dunia kwa jumla tangu mwaka 1979.

Je, italipuka yote siku moja? La. Mfano wetu wa friza una kasoro hapa, kwani samaki huharibika kwa siku mbili, ilhali peti huachia gesi yake kidogo kidogo, kwa makumi na mamia ya miaka. Tena vimea vipya huota juu ya kinamasi kilichoyeyuka na kurudisha sehemu ya kaboni. Wala kuyeyuka huku siko kunakopandisha bahari. Watu huchanganya mambo haya mawili. Tatizo ni kwamba gesi hizo zaongeza joto, na joto layeyusha zaidi, na peti iliyopotea haitarejea kwa umri wa wajukuu zetu wala wa wajukuu wao.

Walio karibu hawakungoja karne. Kiangazi cha mwaka 2016 joto la Yamal lilifikia nyuzi 35. Ugonjwa wa kimeta ukazuka, ambao haukuwa umeonekana huko tangu mwaka 1941. Wataalamu wengi wauhusisha na kuyeyuka kwa ardhi iliyokuwa imefunika mizoga ya zamani. Chanjo ya mifugo ilikuwa imesimamishwa mwaka 2007. Kulungu zaidi ya 2,000 wa wafugaji walikufa, makumi ya watu wakalazwa, na mtoto wa kiume wa miaka 12 akafariki. Hilo halikuwamo katika video ya dada yetu, nasi twaona ndilo lililostahili kusimuliwa.

Basi tulimjibu hivi. Mdogo aambiwe kuwa shimo liko mbali sana, kuwa halimfuati mtu, na kuwa jina lake lilifasiriwa vibaya. Kwa umri wake yatosha. Wakubwa waambiwe yote, pamoja na hili la kuwa kiasi kitakachoyeyuka hakijaamuliwa bado, kwa sababu chategemea mafuta na makaa yatakayochomwa kuanzia sasa, na kila nusu nyuzi ina hesabu yake.

Jumatatu alitujulisha kuwa mdogo amelala. Kakake mkubwa, hata hivyo, ataka kujua gesi isiyoonekana hupimwaje kinamasini. Mwambie, dada, kuwa hufunika kipande cha ardhi kwa sanduku lisilopitisha hewa, wakavuta hewa ya ndani kila baada ya dakika chache, wakapima imeongezeka nini.