Boksi Dogo kwa Ngoma Kubwa: Pima Mwase Kabla ya Kukata Mbao

Katika Kitui na Makueni, muziki wa jukwaani umetawaliwa na gitaa la umeme tangu miaka ya 1970, enzi za Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers. Gitaa lina spika iliyoundwa kwa ajili yake, besi ina yake, kinanda kina yake. Mwase haina. Ngoma hii kubwa ya Wakamba, ambayo wengi huijua kupitia kilumi, ngoma ya kuombea mvua na uponyaji ambayo akina mama ndio nguzo yake, ikipandishwa jukwaani kando ya magitaa hutegeshewa maiki na kupitishwa kwenye spika yoyote iliyo karibu. Msikilizaji aliye nyuma hupata moja kati ya mawili: mchapo mkavu wa vidole usio na kishindo, au kishindo kisichoonyesha mkono wa mpigaji.

Mwase inastahili spika yake, na spika hiyo inaweza kuundwa na fundi wa Kitui mjini au Wote kwa mbao za miti inayoota huko huko. Boksi linaweza kuwa dogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja na kufungwa nyuma ya bodaboda. Sharti lake ni moja: fundi aijue ngoma anayoiundia kabla hajagusa msumeno.

Ugumu uko wapi

Uzi wa gitaa ukipigwa hutoa sauti ya msingi pamoja na nyingine zinazopanda kwa hesabu kamili: mara mbili, mara tatu, mara nne. Ngozi ya ngoma haifuati mpango huo. Ngozi ya duara iliyowambwa sawasawa hutoa sauti ya msingi, kisha nyingine zilizo takriban mara 1.59, mara 2.14 na mara 2.30 ya ile ya kwanza. Zinasongamana, na msongamano huo ndio unaoipa ngoma sura yake. Spika ikipunguza sehemu mojawapo, ngoma haitambulikani tena.

Ngoma ya ukubwa huu ikipigwa katikati kwa kiganja kizima, sauti yake ya msingi kwa kawaida huangukia kati ya hezi 60 na 120, kutegemea upana wa ngozi na jinsi ilivyokazwa. Ikipigwa ukingoni kwa vidole, sehemu kubwa ya mlio hupanda juu ya hezi 1,000, na ule mchapo wa kwanza wa kidole hufika hezi 5,000 na zaidi. Njuga za miguuni na filimbi ya kiongozi nazo huingia kwenye maiki ile ile. Kutoka hezi 60 hadi 6,000 ni mara 100.

Spika ya gitaa haikuundwa kwa safari ndefu namna hiyo. Uzi mnene wa gitaa huanza hezi 82, na wufa ya inchi 12 ya gitaa huanza kuchoka karibu na hezi 5,000. Hilo ni jema kwa gitaa, kwa sababu huondoa ukali, lakini kwa ngoma hufuta vidole vya mpigaji. Spika ya besi hushuka vizuri hadi uzi wa hezi 41, ila nyingi huishia chini mno upande wa juu. Spika kubwa za mikutano zinaweza kubeba yote, ila huhitaji gari na jenereta.

Mambo matatu, chagua mawili

Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya spika ya KLH ya Marekani na mwana wa mpiga piano maarufu Josef Hofmann, alieleza kanuni ambayo hakuna fundi aliyewahi kuikwepa. Kila mtu hutaka boksi dogo, besi ya chini sana, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Unaweza kupata mawili kati ya hayo. La tatu utalilipia.

Kwa hesabu, ufanisi wa spika kwenye besi huenda sambamba na ujazo wa boksi ukizidishwa na masafa ya chini kabisa yaliyopandishwa kwa kipeo cha tatu. Tuseme boksi la lita 40 linatosha kushuka hadi hezi 60. Ukitaka lishuke hadi 40 bila kupoteza ufanisi, gawanya 60 kwa 40 upate 1.5, kisha zidisha 1.5 mara tatu kwa yenyewe: 3.4. Boksi litakuwa la lita 135. Ukiling'ang'ania lile la lita 40, utahitaji umeme mara 3.4 kwa sauti ile ile, na koili ya wufa ndiyo itakayoungua.

Hapo ndipo kuipima ngoma kunapolipa. Kama mwase yako haishuki chini ya hezi 70, kila lita ya boksi inayotafuta hezi 40 ni mzigo wa bure. Pakua kwenye simu programu inayochora masafa ya sauti, pasha ngozi moto kama inavyopashwa kabla ya kucheza, kwa sababu ngozi iliyokazwa hupanda sauti, kisha piga katikati mara kadhaa ukiwa nje, mbali na kuta. Maiki ya simu hupunguza nguvu ya besi, lakini haihamishi masafa yake: kilele cha kwanza kwenye mchoro kitasomeka pale pale kilipo. Namba hiyo ndiyo msingi wa kazi yote inayofuata.

Wufa na boksi lake

Hadi miaka ya 1960 mafundi wengi waliunda boksi kwa kubahatisha. Mhandisi Mwaustralia Neville Thiele alichapisha mwaka 1961 hesabu zilizobadilisha kazi hii, na Richard Small akaziendeleza katika Chuo Kikuu cha Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo maana wufa nzuri huuzwa na karatasi yenye namba za Thiele na Small: masafa ambayo koni hutikisika kwa hiari yake, kiasi inavyojizuia, na ujazo wa hewa unaolingana na ulaini wake. Wufa isiyo na karatasi hiyo, hata ikiwa na sumaku kubwa na maandishi ya wati 1,000, inakurudisha kwenye kubahatisha.

Kwa ngoma inayoanzia hezi 70, napendekeza wufa ya inchi 10 ya omu 8, ya aina ya vyombo vya muziki na si ya gari. Wufa nyingi za gari zina koni nzito. Hushuka chini sana lakini hula umeme mwingi. Tafuta yenye desibeli 94 hivi kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Boksi liwe na ujazo halisi wa lita 40. Ndani likiwa na upana wa sentimita 30, kina 30 na kimo 50, utapata lita 45. Lita 5 za ziada huliwa na wufa yenyewe, bomba la hewa na mihimili.

Bomba hilo ndilo siri ya boksi dogo. Hewa iliyo ndani ya bomba na ile iliyo ndani ya boksi hutikisika pamoja, kama chupa ya soda inavyolia ukipuliza mdomo wake. Kwenye masafa hayo bomba hufanya kazi kubwa na koni hutulia. Chukua bomba la PVC lenye upenyo wa ndani wa sentimita 10, ulikate kwa urefu wa sentimita 17: boksi la lita 40 litaimba karibu na hezi 50. Punguza bomba kidogo kidogo hadi sentimita 13 na boksi litapanda hadi karibu 55, mahali pazuri kwa ngoma ya hezi 70. Kuhakiki, cheza kwa simu sauti laini za masafa mbalimbali na utazame koni. Pale inapotikisika kidogo kuliko kwingine, ndipo boksi lilipo.

Kuna hatari moja inayoua wufa nyingi. Chini ya masafa ya bomba, hewa ya boksi haiizuii koni tena, na koni huhitaji kusogea mara nne zaidi kila masafa yanaposhuka kwa nusu ili kutoa sauti ile ile. Mguu ukigonga stendi ya maiki, koni huruka na kuchanika. Weka kwenye amplifaya kichujio kinachokata kila kilicho chini ya hezi 45.

Mbao za nyumbani

Ukambani ina mti unaostahili kazi hii: mukau, ambao wataalamu huuita Melia volkensii. Ni mti wa nyika kavu za Afrika Mashariki, hukomaa kwa mbao katika miaka 10 hadi 15, na mbao yake nyekundu ya kahawia husumbuliwa kidogo sana na mchwa. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, ina kituo Kitui, na kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA imeendeleza mashamba ya mbegu bora za mukau huko Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Miti iliyopandwa na wakulima imekuwa chanzo cha mbao kwa maseremala wa kaunti hizi mbili.

Mbao nzima, hata hivyo, ina tabia ambayo plaiwudi haina: hunywa unyevu mvua za Oktoba hadi Desemba zinapofika, na hukauka miezi ya jua. Hutanuka kwa upana, si kwa urefu. Kwa hiyo tumia mukau uliokaushwa vizuri kwa pande nne zinazozunguka boksi, na hakikisha nyuzi za mbao zinazunguka mfululizo kutoka ubao mmoja hadi mwingine, ili zote zitanuke kwa pamoja. Ubao wa mbele na wa nyuma uwe plaiwudi ya milimita 18, maana huko ndiko kuna matundu na skrubu. Ukiweka mbao nzima pande zote sita bila kufikiria nyuzi, viungo vitaachana, na boksi linalovuja hewa halina besi.

Ndani, weka mhimili mmoja kutoka ubavu hadi ubavu. Gonga kila upande kwa kifundo cha kidole: mlio mfupi na mkavu unamaanisha ubao umetulia. Mukau una uzito wa takriban kilo 620 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mbao za boksi zima zitafika kilo 10 hivi.

Kugawa kazi kati ya wufa na twita

Wufa ya inchi 10 inaweza kutoa hezi 3,000, lakini hadi kufika hapo sauti yake imeshakuwa finyu kama mwale: aliye mbele anasikia, aliye pembeni anakosa. Twita ya honi ichukue kazi kuanzia hezi 2,000. Mafundi wengi huweka kapasita moja tu kwenye twita. Kwa ngoma haitoshi, maana mpigo wa ghafla hupenya na kuivunja. Weka kapasita ya mikrofaradi 6.8 mfululizo na twita ya omu 8, kisha koili ya milihenri 0.9 sambamba nayo. Vifaa hivyo viwili hukata besi kwa kasi mara mbili ya kapasita peke yake. Hakikisha pia kwamba twita yenyewe imeruhusiwa na mtengenezaji kushuka hadi hapo.

Betri na umbali

Sherehe nyingi vijijini hufanyika nje, mbali na nguzo ya stima, na umeme wa betri una mpaka wake. Amplifaya inayokula volti 12 moja kwa moja haiwezi kutoa zaidi ya wati 9 safi kwenye spika ya omu 8, hata kava yake iandikwe nini. Unganisha betri mbili zifike volti 24 na mpaka unapanda hadi wati 36, yaani mara nne.

Wati hizo zinafika wapi? Uwanjani, kila umbali unapozidishwa mara mbili, desibeli 6 hupotea. Spika ya desibeli 94 ikipewa wati 32 hupata desibeli 15 zaidi: 109 kwa mita moja. Kwa mita 16 zimebaki 85, ambazo bado zinashinda kwa mbali mazungumzo ya kawaida ya watu. Ndiyo maana ufanisi wa wufa una thamani kuliko wati. Wufa ya desibeli 88 ingehitaji umeme mara nne kufika hapo hapo.

Mwisho, iweke spika mbele ya wachezaji, ielekee watu, na maiki iwe karibu na ngozi. Ngozi ya mwase hupokea sauti kama inavyoitoa. Spika ikiwa nyuma ya ngoma, ngozi itatikiswa na mlio wake yenyewe, maiki itauchukua tena, na uwanja utajaa mngurumo usiokoma.

Magogo mawili hayalingani, na ngozi mbili hazilingani; boksi lililofaa mwase ya Mutomo linaweza kukosea kwa ile ya Kibwezi. Kwa hiyo kabla ya kufunga ubao wa nyuma, andika ndani yake kwa kalamu isiyofutika masafa ya ngoma uliyoyapima, ujazo wa boksi, urefu wa bomba, na aina ya wufa na twita. Fundi atakayelifungua kulitengeneza atajua alichokikuta. Na atakayeletewa ngoma nyingine atakuwa na namba za kuanzia, abadilishe zile tu ambazo ngoma yake inadai.